Inchi 43 ya kawaida au inchi 32 smati: ipi iingie sebuleni?

Ukiingia duka la vifaa vya umeme hapa Tanga mjini na hela ya TV moja, si ya kubahatisha wala si ya kutamba, mara nyingi muuzaji atakusimamisha mbele ya mbili. Moja ni inchi 32 smati, ya kampuni ambayo hata bibi kijijini analijua jina lake. Nyingine ni inchi 43 ya kawaida: haina intaneti, jina lake umelisikia juzijuzi, lakini imeukalia ukuta mzima. Bei zao zinapishana kidogo, na kidogo hicho huishia kwenye kupatana. Hapo ndipo wengi hukwama, simu ikatolewa mfukoni, akapigiwa yule ndugu anayedhaniwa kujua mambo ya umeme.

Kwetu ndugu huyo ni mimi, kwa hiyo niseme mapema ninakoegemea. Kwa nyumba ya familia inayotazama king'amuzi, nachukua 43 ya kawaida. Usmati unaweza kuuongeza mwakani kwa kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV; inchi huziongezi ng'o. Ila zipo nyumba ambazo ushauri huo utaziumiza, na zipo 43 ambazo hata ukipewa kwa bei ya kutupa uzikimbie. Ndiyo maana haya yameandikwa marefu kidogo.

Nyumba yenu inatazama nini?

Mchukulie mama yangu mdogo, mkazi wa Makorora. Dishi liko juu ya bati. Sebuleni kuna TV ya chogo iliyokufa zamani, na sasa kazi yake ni kubeba king'amuzi cha Azam na kitambaa cha kufuma. Alasiri hapo ni tamthilia, saa mbili usiku taarifa ya habari, wikendi mpira. Coastal Union wakicheza ugenini wajomba nao huhamia kwake na mkeka hutandikwa. Mawaidha na mapishi ya YouTube anayatazama kwenye simu, akiwa amejilaza. Mwanawe yuko kidato cha tatu na ndiye anayetaka smati, kwa sababu kwa rafiki yake ameona mtu anaongea na rimoti na TV inatii.

Kwenye nyumba ya namna hii karibu kila kinachoonekana kwenye kioo kinatoka kwenye king'amuzi, na king'amuzi hakijali kama TV ni smati au ni bubu. Kinatuma picha kwa waya wa HDMI, basi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwisho wa 2012 na Tanga mwanzoni mwa 2013, wengi wetu tumezoea kubadilisha chaneli kwa rimoti ya king'amuzi. Ile ya TV inabaki ya kuwasha na kuzima. Ukilipia akili ya TV halafu ukaifunika na king'amuzi, umelipia kitu utakachokitazama siku ya kwanza na siku ya kuwaonyesha wageni.

Muuzaji anaweza kuongeza kwamba TV zote mbili zina king'amuzi ndani. Anachosema ni kweli kwa nusu. Nyingi za sasa zina kipokezi cha DVB-T2, na ukichomeka antena zinanasa chaneli za ardhini ambazo hazijafungwa. Lakini kadi yako ya Azam au ya DStv haitaingia humo. Ichukulie kama nyongeza, na usiivunjie dishi.

Sasa geuza nyumba. Kijana amepanga, hana dishi, anafuatilia mpira kwa vipande vya YouTube, anatazama misururu ya Netflix usiku, na ana intaneti ya mwezi mzima isiyohesabu gigabaiti. Huyu TV ya kawaida itamkalia kama kioo kitupu mpaka anunue kifaa cha pembeni. Kwake smati ni kazi ya kila siku.

Kinachotenganisha nyumba hizi mbili ni bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. YouTube ukiibana kwenye ubora wa picha wa 480 inakula kama nusu GB kwa saa, lakini 480 inayopendeza kwenye simu, kwenye inchi 32 inaanza kuwa ukungu, na mkono unakwenda wenyewe kuipandisha. Tena TV smati isipobanwa hupanda yenyewe hadi pale mtandao unapofika mwisho. Chukua bei ya bando unalonunua kwenye simu, piga hesabu ya filamu moja ya saa mbili, halafu zidisha kwa idadi ya watu wanaogombania rimoti. Familia nyingi zilizonunua smati kwa kutegemea hotspoti ya simu ya baba zilirudi kwenye king'amuzi kabla mwezi haujaandama.

Inchi zenyewe

Inchi za TV hupimwa kona hadi kona, ndiyo maana tofauti ya 32 na 43 kwenye karatasi inaonekana ndogo kuliko ilivyo ukutani. Ya 32 ina upana wa kama sentimita 71 na urefu wa 40. Ya 43 ina 95 kwa 54. Ukizidisha utaona kioo cha 43 kina eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 80. Si TV iliyoongezwa kidogo. Ni TV moja na nyingine kasoro robo.

Nyumba nyingi za Ngamiani, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, sebule yake ni ya kupokelea watu. Makochi yamesukumwa hadi ukutani pande zote ili katikati pawe na nafasi. Maana yake ni kwamba anayeketi kochi la mkabala na TV yuko mita tatu na zaidi kutoka kwenye kioo. Kwa inchi 32, umbali unaomfaa mtazamaji ni kama mita moja na robo hadi mbili. Kwa 43 ni kama mita moja na nusu hadi 2.7. Ukiwa mita tatu mbele ya inchi 32, mpira utauona, lakini mchezaji utamjua kwa mwendo wake tu, namba ya mgongoni haisomeki. Maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yatakuwa mstari. Kwa mama mdogo nimeshuhudia hilo hasa: habari inasomwa, mistari inapita, na kila dakika anamuuliza mwanawe, "Hapo chini wameandika nini, baba?" Mtoto ana macho ya kidato cha tatu, anasoma. Asipokuwepo, habari inapita.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima kutoka mgongo wa kochi unalokalia wewe hadi pale TV itakaposimama. Ikizidi mita mbili na nusu, 32 imeshaondoka kwenye mashindano, iwe smati isiwe smati.

Watu huuliza kama picha haitachakaa ikivutwa kwenye kioo kikubwa. Swali zuri, na jibu lake liko kwenye namba mbili ambazo lazima uzione kwa macho yako kwenye sanduku. Inchi 32 za bei nafuu nyingi ni HD, yaani nukta 1366 kwa 768. Inchi 43 inayostahili hela yako ni Full HD, nukta 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya hizo. Ukigawa nukta kwa ukubwa wa kioo, kila nukta inatoka na upana wa kama nusu milimita kwenye zote mbili. Ya 43 hata inazidi kidogo kwa ulaini. Kwa hiyo 43 ya Full HD haina chembechembe kuliko 32 ya HD.

Tatizo ni 43 yenye kioo cha 1366 kwa 768. Zipo, na ndizo zile za kukimbia. Nukta zake zinanenepa hadi karibu milimita 0.7, na ukikaa karibu utaziona kama wavu. Sanduku lake halitakutajia hilo kwa sauti. Litaandika kwa herufi kubwa kwamba inapokea 4K au inacheza 4K. Kupokea si kuonyesha. TV inaweza kupokea picha kubwa, ikaikunja na kuionyesha kwenye kioo kidogo cha nukta. Tafuta 1920 x 1080 imeandikwa kama ubora wa kioo chenyewe, kwenye sanduku au kwenye kitabu chake. Isipoonekana popote na muuzaji akaanza kuzunguka, rudi kwenye 32 na moyo mweupe.

Kuna jambo la chaneli pia. Baadhi ya chaneli zetu bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida, na hizo zikitanuliwa kwenye 43 zitaonekana laini kupita kiasi, kingo za nyuso zimefifia. Kwenye 32 kasoro hiyo hujificha. Hili ni pigo la kweli kwa TV kubwa na sitalificha. Lakini nusu ya watu wanaolalamika kwamba TV yao kubwa haina picha wamechomeka king'amuzi kwa zile nyaya tatu za zamani, njano, nyekundu na nyeupe. Nyaya hizo haziwezi kubeba HD hata kama chaneli ni ya HD na kifurushi umelipia. Waya wa HDMI ni bei ndogo. Badilisha, halafu ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080, ndipo uihukumu TV.

Pale dukani

Ukifika, TV zote zitakuwa zinaonyesha kasuku, samaki wa matumbawe na matunda yaliyokatwa yakidondosha maji. Video hiyo imepigwa kwa ubora wa juu mno na inachezwa kutoka kwenye flashi, na mwanga wa TV umepandishwa hadi mwisho. Hakuna TV inayoonekana mbaya ikicheza kasuku.

Mama mdogo alifanya jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alifanye. Alimwambia muuzaji, kijana wa rika la mwanawe, "Mwanangu, huyu ndege mzuri, lakini kwangu hayupo. Niwekee taarifa ya habari." Kijana akacheka, akaleta king'amuzi cha dukani, akachomeka 32 kisha 43. Ndani ya dakika kumi tuliona kuliko tulivyoambiwa kwa nusu saa. Ngozi ya mtangazaji kwenye 32 ilikuwa na rangi iliyotulia. Kwenye 43 alikuwa mwekundu kama ametoka kuoga maji ya moto, mpaka tulipoiondoa kwenye mpangilio wa duka na kuiweka kwenye picha ya kawaida. Maandishi ya chini, mama mdogo akiwa amesimama mlangoni mwa duka, aliyasoma mwenyewe kwenye 43. Mjadala ulimalizikia hapo kwa upande wake. Wangu uliendelea.

Nilihamia pembeni, karibu kabisa na ukuta, nikaitazama TV kwa upande. Kuna vioo ambavyo anayekaa katikati anaona picha safi na aliyekaa pembeni anaona rangi zimepauka na weusi umegeuka kijivu. Kwa mtu anayetazama peke yake haina neno. Kwa nyumba ambayo siku ya Simba na Yanga inageuka kibanda umiza cha bure, nusu ya watu watakuwa pembeni na wengine chini kwenye mkeka, na hao nao ni watazamaji. Hili halitegemei inchi wala usmati, na huwezi kulisoma kwenye sanduku. Ni kusimama na kuangalia, kisha kuchuchumaa na kuangalia tena.

Halafu zungusha TV uone mgongo. Matundu ya HDMI yawe mawili au zaidi, hasa kwenye ile ya kawaida: moja la king'amuzi, moja la kile kifaa cha usmati utakachonunua baadaye. TV ya kawaida yenye tundu moja la HDMI imejifunga mlango wenyewe, na sababu yangu ya kuichagua inakufa hapo. Tundu la USB jaribu kwa flashi yako mwenyewe, ile yenye muvi zilizotafsiriwa unazotazama nyumbani. TV nyingi za kawaida zinakataa baadhi ya mafaili mapya yaliyobanwa kwa H.265, au zinatoa picha bila sauti, na flashi ya dukani haitakuonyesha hilo kwa sababu imechaguliwa. Upande wa smati tatizo hili ni dogo, kwa kuwa unaweza kuweka programu nyingine ya kuchezea.

Mwombe aweke picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta kinukta kisichobadilika na vivuli vya duara. Kwenye nyeusi tazama kona kama mwanga unavuja. Zile zinazouzwa kwa sifa ya vioo viwili, kimoja kigumu mbele ya kingine, ni kinga nzuri kwa nyumba yenye watoto wa kurusha rimoti, ila kioo cha mbele kinarudisha mwanga. Ukikaa mkabala na dirisha utajitazama wewe mwenyewe mchana kutwa.

Usmati ukichunguzwa

Smati si kitu kimoja. Hisense nyingi zinatumia VIDAA, Samsung wanatumia Tizen, LG webOS, TCL nyingi zinakuja na Google TV. Zote hizo zina YouTube na Netflix zilizoidhinishwa. Tofauti ni kwamba Google TV ina duka kubwa la programu, na hizo nyingine unapata kile kilichowekwa kwenye duka lao tu. Kama kuna programu fulani unaitaka, ya king'amuzi chako au ya redio ya dini, itafute hapohapo dukani kwenye TV hiyo. Usikubali kuambiwa utaipakua nyumbani.

Chini ya hizo kuna kundi la smati za bei ya chini kabisa zinazotumia Android ya wazi, isiyo na idhini ya Google. Kwa macho zinafanana na nyingine, zina vialama vyote vya kupendeza. Netflix inaweza kuzigomea au kuonyesha picha duni, na programu nyingine zinakuwa zile za simu zilizonyoshwa, huwezi kuziendesha kwa rimoti bila kipanya. Nyingi zina RAM ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, na sehemu ya hifadhi hiyo imeshaliwa na mfumo wenyewe. Mwaka wa kwanza zinakwenda. Baadaye unabonyeza YouTube, unakwenda kuinjika chai, ukirudi ndiyo inafunguka.

Hili ndilo linalonifanya nisiuhusudu usmati wa bei nafuu hata kwenye kampuni kubwa. Kioo kizuri kinaweza kufanya kazi miaka mingi, lakini ubongo wa TV unazeeka haraka kama simu. Ukiwa ndani ya TV, unazeeka nayo. Ukiwa kwenye kifaa cha pembeni, mfano zile fimbo ndogo za Xiaomi au Amazon zinazochomekwa kwenye HDMI, ukichoka nacho unakitoa na kuweka kipya, TV inabaki. Ulizia bei ya fimbo hiyo kabla hujaamua. Mama mdogo ameambiwa wazi kwamba ya mwanawe itakuja matokeo ya mtihani yakija, na kijana amekubali, ingawa kwa uso wa mtu asiyekubali.

Umeme, chumvi na fundi

Wengi hudhani TV kubwa italimaliza LUKU. Inchi 32 ya LED hutumia takriban wati 30 hadi 50, na 43 kama 60 hadi 90. Tuchukue 40 na 75, saa sita kwa siku, siku 30. Ya kwanza inakula uniti 7.2, ya pili 13.5. Kwa uniti inayofika shilingi 356 hivi pamoja na kodi na tozo, ni kama 2,600 dhidi ya 4,800 kwa mwezi. Pasi na birika la umeme zinakula zaidi na hakuna anayezishitaki. Wa kuangalia ni yule aliye kwenye bei ya wateja wadogo, asiyetakiwa kuvuka uniti 75; huyo uniti sita za ziada zinaweza kumvusha mpaka, na ng'ambo ya mpaka bei ni nyingine.

Cha kuogopa zaidi ya matumizi ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nunua gadi ya TV siku hiyohiyo, inayochelewesha umeme kidogo kabla ya kuuruhusu kupita. Wakati wa masika, radi zikianza, kuchomoa plagi peke yake hakutoshi. Chomoa na waya wa dishi, maana nao ni njia. Kwa walio jirani na bahari, Raskazone na Chumbageni, upepo wa chumvi unakula vichwa vya nyaya. TV inayowashwa kila siku hupata joto linalofukuza unyevu, kwa hiyo hatari zaidi iko kwenye TV ya chumba cha wageni kuliko ya sebuleni.

Ugonjwa wa TV hizi za bei nafuu, ndogo kwa kubwa, ni taa za nyuma. Sauti ipo, picha imezima, ukimulika kioo kwa tochi unaona kivuli cha picha kikitembea. Fundi anabadilisha mistari ya taa na maisha yanaendelea. Hapa 32 ya kampuni kubwa ina nafuu: vipuri vyake vinapatikana kirahisi na kila fundi ameshaifungua. 43 ya jina geni inaweza kumfanya fundi aagize na wewe usubiri. Dawa ya kuchelewesha ugonjwa ni ya bure: shusha mwanga wa taa kutoka 100 hadi 60 au 70. Jioni sebuleni hutaona pungufu, na taa zitapumua. Kioo kikipasuka ni habari nyingine. Bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV, na hakuna waranti inayolipa mpira wa mtoto.

Kuhusu waranti, usiulize ni ya muda gani tu. Uliza inatimizwa wapi. Ikiwa kituo chao kiko Dar es Salaam, kuna kilomita kama 350 za barabara, nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na TV kuwekwa kwenye buti la basi mara mbili. Duka la Tanga linalokubali kubadilisha lenyewe ndani ya siku kadhaa za mwanzo, kwa maandishi, lina thamani kuliko mwaka mzima wa waranti ya mbali. Dai risiti ya EFD yenye namba ya TV imeandikwa.

Sauti naipita haraka, kwa sababu hapo zote mbili zimefeli. Spika zimeelekezwa chini, ni ndogo, na mji uliolea vikundi vya Black Star na Lucky Star haustahili kusikiliza taarabu kwa spika za namna hiyo. Karibu kila nyumba ina sabufa. Hakikisha tu TV ina tundu la sauti linalolingana na waya wa sabufa yako, au ina bluutuuthi inayokubaliana nayo.

Nani achukue 32

Aliyepanga chumba kimoja, kitanda huku, TV kule, na kati yake mita mbili au pungufu. Hapo 43 itamchosha shingo na kumalizia ukuta. Huyu achukue 32 smati ya kampuni inayojulikana, na asijutie hata inchi moja.

Mwenye intaneti ya nyumbani ya malipo ya mwezi na asiye na mpango wa dishi naye yuko hapo. Hata wa saluni au duka la chakula, anayetaka kitu cha kuchezea muziki wa YouTube mteja akisubiri. Na wa shambani upande wa Mkinga au Pangani anayetumia sola ndogo. Lakini huyu namshauri aangalie zile zinazokubali volti 12 moja kwa moja, ambazo nyingi ni za inchi 32 kushuka chini, na usmati auache kabisa kama mtandao wenyewe unapatikana juu ya mwembe.

Aliyebaki katikati, mwenye sebule kubwa na intaneti nzuri, ukweli ni kwamba hizi mbili hazimfai. Asubiri, aongeze akiba, achukue 43 smati yenye idhini. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa Tanzania, Kenya na Uganda, na maduka hayataacha nafasi hiyo ipite bila kushindana kwa bei.

Ukishalipa, usikubali ibebwe kwenye keria ya baiskeli hata kama Tanga ndiyo mji wa baiskeli na mbebaji ni hodari. Sanduku la 43 lina zaidi ya mita moja. Kodi bajaji, lisimamishe wima kama mishale kwenye sanduku inavyoonyesha, wewe kaa ulishike. Ukililaza, kioo kinabeba uzito wake chenyewe kwenye kila tuta. Ukifika, kabla hujatoboa ukuta ugonge kwanza usikie: nyumba nyingi za zamani kuta zake ni udongo na mawe ndani ya lipu, na skrubu hazishiki. Mezani inatosha, na kwa mama mdogo meza ipo tayari, ile ya chogo, ila kitambaa cha kufuma imebidi kiondolewe kwa kuwa miguu ya TV inateleza.